Kifaa Kinachopiga Resi kwa Niaba ya Mguu Wangu

Kifundo cha mguu wangu wa kulia hakipindi tena kuelekea upande. Mfupa uliunga vizuri baada ya kuvunjika. Natembea, napanda ngazi, nabeba mizigo. Kilichopotea ni ule mgeuko mdogo wa wayo ambao dereva wa gari la manuali anauhitaji ili akandamize breki kwa upande mmoja wa mguu na papo hapo aguse mafuta kwa upande wa pili. Watu wengi wanaonitakia mema walinishauri nihamie otomatiki, na ushauri wao ulikuwa na mantiki. Lakini mimi napenda gia za mkono. Napenda kujua kila wakati gari liko gia gani na kwa nini liko hapo, na napenda kona ambayo nimeiandaa mwenyewe kabla ya kuifikia. Sikuwa tayari kuyaacha hayo kwa sababu ya nyuzi chache za mgeuko wa kifundo.

Ndipo nikaanza kusoma habari za vifaa vinavyopiga resi vyenyewe, yaani vinavyoipandisha injini mizunguko kwa muda mfupi, unaposhusha gia, na hatimaye nikafunga kimoja chini ya dashibodi kwa mikono yangu. Ninaandika haya kwa ajili ya anayefikiria kufanya hivyo, kwa sababu maelezo mengi niliyoyapata yalieleza jinsi ya kuunganisha nyaya tu, wakati uunganishaji ndio sehemu rahisi.

Tuanze na tatizo lenyewe. Gari likiwa linatembea, magurudumu ndiyo yanayoamua giaboksi izunguke kasi gani, na kila gia ina hesabu yake. Chukua Toyota 86 ya kizazi cha kwanza yenye gia sita. Gia yake ya kwanza ina uwiano wa 3.626, yaani shafti inayoingia kwenye giaboksi inazunguka mara 3.626 kila inayotoka ikizunguka mara moja. Ya pili ni 2.188, ya tatu 1.541, ya nne 1.213, na difu yake, gia ya mwisho kabla ya magurudumu, ni 4.1. Ukiwa gia ya tatu na injini inazunguka mara 3,000 kwa dakika, unakwenda kilomita 56 hivi kwa saa. Ukitaka gia ya pili kwa mwendo uleule, injini lazima ifike 4,260, kwa sababu 2.188 ukigawanya kwa 1.541 unapata 1.42. Mizunguko hiyo 1,260 ya ziada lazima itoke mahali. Ukiachia klachi bila kugusa mafuta, itatoka kwenye magurudumu: klachi pleti inasuguana na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, mpaka uzito wa gari zima uiburute injini juu. Abiria wanasukumwa mbele. Kwenye gari linaloendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, barabara ikiwa imelowa na wewe uko ndani ya kona, tairi za nyuma zinaweza kuachia ardhi kwa sababu ya mvuto huo peke yake.

Na pengo halisi ni kubwa kuliko hesabu inavyoonyesha. Ukikanyaga klachi huku mguu haupo kwenye mafuta, injini haikusubiri pale kwenye 3,000. Inaanza kuporomoka mara moja kuelekea mzunguko wake wa chini, ule wa gari lililosimama, na kila nukta unayotumia kuhamisha mkono wa gia inaongeza umbali wa kurudi juu.

Mpokea kijiti katika mbio za kupokezana huanza kukimbia kabla hajakabidhiwa. Injini nayo inapaswa kuwa tayari inakimbia wakati klachi inapoikabidhi gia mpya, na ndiyo maana madereva wanapiga resi: mguso mfupi wa mafuta klachi ikiwa chini. Usipokuwa unafunga breki, jambo hili ni jepesi kwa sababu mguu wa kulia uko huru. Ugumu unakuja pale mguu huohuo unapotakiwa kushika breki kwa nguvu isiyobadilika na kupiga resi kwa wakati mmoja. Kwenye magari mengi umbali kati ya pedali hizo mbili, na tofauti ya kimo chake breki ikiwa imekandamizwa, unawashinda hata wenye vifundo vizima.

Kuna dhana ninayoisikia mara kwa mara ambayo naomba tuiweke sawa kabla ya kwenda mbele: kwamba kupiga resi kunaokoa sinkro za giaboksi. Sivyo. Sinkro, ambazo Cadillac iliziingiza kwenye magari yake mwaka 1928, kazi yake ni kuulinganisha mwendo wa gia na shafti yake kwa msuguano wa pete zenye umbo la koni, ili meno yaingiliane bila kukwaruzana. Sasa fikiria klachi ikiwa chini. Shafti inayoingia kwenye giaboksi imeshatenganishwa na injini. Imebaki na klachi pleti tu. Hata ukiipandisha injini mpaka ilie, shafti ile haisikii chochote. Sinkro itafanya kazi ileile iliyokuwa ifanye.

Anayetaka kuisaidia sinkro lazima akanyage klachi mara mbili: aikanyage, aweke nyutro, aiachie, apige resi ili shafti ipandishwe na injini, aikanyage tena, ndipo aingize gia ya chini. Hivyo ndivyo walivyoendesha madereva wa giaboksi zisizo na sinkro. Kinachonufaika na resi ya kawaida ni vitu vya upande wa pili wa hadithi: klachi pleti na springi zake, mipira inayoshikilia injini, jointi za propela, na zaidi ya yote utulivu wa gari wakati wa kufunga breki. Hiyo ni faida ya kutosha. Hakuna haja ya kukisingizia kifaa faida nyingine.

Watengenezaji wa magari walilitatua jambo hili kiwandani. Nissan ilikuwa ya kwanza kuuza gari la manuali linalolinganisha mizunguko lenyewe, ile 370Z ya mwaka wa modeli 2009. Baadaye zikafuata nyingine: Chevrolet Corvette Stingray ya 2014, ambayo dereva anawasha na kuzima mfumo huo kwa vibao vilivyo nyuma ya usukani, Honda Civic Type R ya 2017, Toyota GR Yaris. Mifumo hii ina akili ya kweli. Ina sensa inayojua mkono wa gia unaelekea wapi, inajua mwendo wa gari, inajua klachi imefika wapi, kisha kompyuta inafanya ile hesabu ya uwiano na kuipandisha injini mpaka kwenye namba yenyewe.

Kifaa cha kufunga baadaye, cha aina niliyonunua, hakijui hata kimoja kati ya hayo. Kinajua mambo mawili tu: breki imekanyagwa au la, na klachi imekanyagwa au la. Yote mawili yakiwa ndiyo, kinaongeza volti kwenye waya wa pedali ya mafuta kwa muda mfupi, na kompyuta ya injini inaamini kwamba umegusa mafuta. Kwa sababu hiyo kinafaa tu kwenye magari ambayo pedali ya mafuta inatumia umeme. Gari lenye kebo ya chuma kutoka pedalini hadi kwenye throto, mlango unaoingiza hewa kwenye injini, halina waya wa kudanganya.

Sasa nataka kukaa kidogo kwenye pedali hiyo, kwa sababu ndipo penye hatari ya kazi nzima.

Ndani ya pedali ya mafuta ya kisasa hakuna sensa moja, kuna mbili. Kwa kawaida utakuta nyaya sita: mbili za umeme wa volti 5, mbili za hasi, na mbili za ishara. Ishara hizo mbili zinapanda pamoja unapokanyaga, ila kwa viwango tofauti. Kwenye gari langu moja ni nusu ya nyingine. Kompyuta inazilinganisha muda wote. Zikipishana kinyume na inavyotarajia, inachukulia kwamba pedali imeharibika, inawasha taa ya injini, inaandika msimbo wa hitilafu kama P2138, na inalipunguzia gari nguvu ili ufike nyumbani polepole. Utaratibu huo uliwekwa ili gari lisiondoke lenyewe. Kwa hiyo kifaa chochote kinachogusa nyaya hizi kinapaswa kuzipandisha ishara zote mbili kwa uwiano sahihi, na kikikosa umeme au kikifa, kinapaswa kuiacha pedali ifanye kazi kama vile hakipo. Hilo la pili ndilo swali la kwanza ninalokushauri umwulize muuzaji. Usipopata jibu lililonyooka, tafuta kifaa kingine.

Kuna swali la pili, na hili linalihusu gari lako. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana utaratibu wa kukata mafuta breki na mafuta vikikanyagwa pamoja. Ni kinga nzuri, lakini baadhi ya kompyuta zinaitekeleza kwa haraka kiasi kwamba resi yoyote wakati wa breki inakatwa kabla injini haijapanda. Njia ya kujua ni rahisi: gari likiwa linatembea mahali salama na wazi, mtu mwenye mguu mzima akanyage breki na klachi, kisha aguse mafuta. Injini ikikataa kupanda kwa mguu, itakataa kwa kifaa pia.

Kazi ya kufunga yenyewe niipitie haraka. Kama kuna hanesi, yaani fungu la nyaya lenye soketi zake tayari, iliyotengenezwa kwa ajili ya pedali ya gari lako, lipia hiyo. Inaingia katikati ya pedali na soketi yake, na siku ukitaka kuondoa unachomoa na kurudisha kama ilivyokuwa. Mimi sikukata waya wowote wa pedali na sitamshauri mtu akate. Nilitoa hasi ya betri, nikasubiri kompyuta ilale, nikachomoa soketi nikiwa nimelala chali na tochi mdomoni, nikaunganisha hanesi. Umeme wa kifaa niliuchukua kwenye mzunguko unaowaka ufunguo ukiwashwa, kupitia fyuzi yake ndogo. Waya wa breki niliupata kwenye swichi ya taa za breki kwa kutumia multimita: hauna kitu mguu ukiwa juu, volti 12 ukikanyaga. Maungio niliyabana, nikayalehemu, nikayavika mpira unaosinyaa kwa joto, kisha nikafunga kila waya mbali na njia ya pedali na mhimili wa usukani. Waya unaoning'inia karibu na pedali ya breki ni hatari inayosubiri siku yake, kwa hiyo sehemu hiyo nilirudia kuikagua kwa kuzikanyaga pedali zote mpaka mwisho huku nikitazama.

Klachi ndiyo iliyohitaji kufikiri. Magari mengi yana swichi mbili kwenye pedali ya klachi. Moja iko juu, inabadilika mara tu pedali inapoanza kushuka, na kawaida ndiyo inayozima mfumo wa kushikilia mwendo. Nyingine iko chini kabisa, inabadilika pedali ikikaribia sakafu, na ndiyo inayoruhusu injini kuwashwa. Ukitumia ya juu, kifaa kinapiga resi kabla klachi haijaachana kabisa na flaiwili, na gari linasukumwa mbele wakati unafunga breki. Ukitumia ya chini, unalazimika kukanyaga hadi sakafuni kila mara, na resi inachelewa. Nilichagua ya juu, nikaitegemea sehemu ya kuchelewesha iliyo kwenye kifaa kuipa klachi muda wa kufunguka. Kwa anayekanyaga klachi hadi mwisho kila mara, ya chini ni salama zaidi na ningeianza nayo.

Kifaa changu kina vitufe vitatu vya kuzungusha. Kimoja kinaamua resi iwe kubwa kiasi gani, cha pili idumu muda gani, cha tatu isubiri kiasi gani kabla ya kuanza. Hapo ndipo nilipoielewa kazi ya kifaa hiki, na ndipo ninapotofautiana na wanaokisifu kwamba kinalinganisha mizunguko.

Turudi kwenye hesabu za Toyota 86. Kutoka gia ya nne kwenda ya tatu ukiwa kwenye 2,000, unahitaji kufika 2,540. Pengo la 540. Kutoka ya tatu kwenda ya pili ukiwa kwenye 5,000, unahitaji 7,099, karibu kabisa na mstari mwekundu, kikomo cha mizunguko ya injini, wa 7,400. Pengo la 2,099. Kifaa kisichojua gia wala mwendo kinakupa resi ileile katika hali zote mbili. Haiwezekani iwe sahihi kwa zote. Ukikiweka kitosheleze pengo kubwa, kwenye lile dogo injini itapaa juu kupita kiasi. Ukikiweka kwa lile dogo, kwenye kubwa hutahisi tofauti na kutopiga resi kabisa.

Lakini angalia umbo la resi. Injini inapanda, inafika kilele, inashuka. Kama kilele kimezidi namba unayoitaka, basi injini inapita kwenye namba hiyo mara mbili: ikipanda, na tena ikishuka. Ile ya kushuka ndiyo nafasi yako, kwa sababu throto imeshafungwa na hakuna nguvu inayosukuma. Ukiachia klachi wakati injini inashuka na kuipita namba sahihi, gia inapokea kwa ulaini ambao huwezi kuamini kwamba mguu wa kulia haukuhusika. Kwa pengo dogo unasubiri kidogo zaidi. Kwa pengo kubwa unaachia mapema. Kifaa kinapiga resi tu. Anayelinganisha ni mguu wa kushoto, na sikio ndilo linalouambia lini.

Tangu nilipoliona hilo, marekebisho yalikuwa mepesi. Niliacha kutafuta namba moja sahihi. Nilichagua ubadilishaji ninaoufanya zaidi huku nikifunga breki, wa gia ya nne kwenda ya tatu kwa mwendo wa kati, nikaiweka resi izidi kidogo hitaji lake. Muda niliufupisha, kwa sababu resi ndefu inaendelea kusukuma wakati klachi inarudi, na hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na resi. Nilifanya haya injini ikiwa imepata joto lake kamili. Injini baridi inashuka kwa mwendo mwingine, na magari mengi ya sasa yanaishikilia mizunguko juu kwa muda klachi ikikanyagwa ili kupunguza moshi mchafu, jambo linalobadilisha mteremko wote wa resi. Usirekebishe kitu asubuhi ukategemea kibaki hivyo mchana.

Kwenye barabara iliyolowa napunguza ukubwa kidogo na kuachia klachi polepole. Namba hazijabadilika, ila kosa dogo linaadhibiwa zaidi.

Kuna mambo ambayo kifaa hiki hakifanyi. Hakikuzuii kuingiza gia isiyofaa. Ukiwa unakwenda kasi ukaitafuta ya nne na mkono ukaangukia ya pili, magurudumu yataizungusha injini kupita mstari mwekundu, na kile kikata-mafuta kinachoilinda injini hakina msaada, maana hapo si mafuta yanayoizungusha. Vali zinaweza kugonga pistoni. Resi ya kifaa haiongezi wala haipunguzi hatari hiyo. Tena hakifanyi kazi unaposhusha gia bila breki, mathalani kwenye mteremko mrefu unapotaka injini ikushikilie. Hapo mguu wangu uko huru na napiga resi mwenyewe, kwa furaha kubwa.

Usumbufu wake wa kila siku uko kwenye foleni. Kila unaposimama unakanyaga breki na klachi, na kwa kifaa hiyo ni amri. Injini inanguruma ukiwa umesimama mbele ya watu wanaovuka barabara, na mtu anayevuka akisikia injini ikinguruma ana haki ya kuogopa. Kwa hiyo swichi ya kuwasha na kuzima si pambo. Nimeiweka kwenye kona ya dashibodi ambapo mkono unaifikia bila macho, ya aina inayorudi kwenye kuzimwa kila ninapozima gari. Mjini kifaa kimelala. Nikitoka kwenye barabara ya wazi yenye kona, nakiwasha.

Kwa mtu anayejifunza kuendesha manuali na ana miguu mizima, ningemwambia asubiri. Ajifunze kwanza kushusha gia bila breki, kupiga resi kwa mguu, kusikia injini inapokubaliana na gia. Masikio hayo ndiyo yatakayokitumia kifaa vizuri baadaye, na huenda akagundua hakihitaji. Kwa mwenye kifundo kigumu, goti bovu, mguu bandia, au pedali zilizoachana mno, jibu langu ni lingine kabisa: kifunge. Nimerudishiwa sehemu ya udereva niliyodhani imekwisha, na breki yangu sasa ni imara kuliko zamani, kwa sababu mguu wa kulia una kazi moja tu.

Ukishafunga, toa taarifa kwa bima yako na uulize kuhusu ukaguzi wa gari kabla hujaulizwa. Na ukilipeleka gari kwa fundi, zima swichi, umwonyeshe kifaa kilipo. Mimi nimebandika karatasi ngumu juu ya soketi ya pedali inayosema kuna hanesi ya ziada na jinsi ya kuichomoa. Anayetafuta hitilafu kwenye nyaya za pedali asipojua kwamba kuna kitu katikati atapima vitu sahihi na kupata majibu yasiyoeleweka, na huenda akabadilisha pedali nzima ambayo haina ubovu.